Dhambi Nisiyoikusudia na Upatanisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekuwa yakija baada ya vipindi vya Biblia hapa Mwanza. Yametoka Kirumba, Igoma, Nyegezi na Buhongwa, na kwa ndugu wanaovuka maji kuja mjini kutoka Ukerewe na Sengerema. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini, mlangoni, wengine wakishaondoka, kwa sababu nyuma ya swali huwa kuna jambo lililotokea kweli. Kwa hiyo nimejitahidi kujibu kama ninavyomjibu mtu aliyesimama mbele yangu. Wanaouliza ni Wakatoliki, Walutheri, wa AIC (Africa Inland Church), Wasabato na Wapentekoste. Makanisa yetu yanapotofautiana, nimesema.

Dhambi ya kutokukusudia ni ipi hasa?

Sura za kusoma kwanza ni Walawi 4 na 5, halafu Hesabu 15 kuanzia mstari wa 22. Humo utaona makosa ya namna mbalimbali yamewekwa pamoja. Kuna mtu asiyejua kwamba jambo fulani limekatazwa. Kuna anayejua katazo lakini hajui kwamba hiki alichokishika ndicho kile kilichokatazwa, kama aliyegusa mzoga bila kutambua. Kuna aliyeropoka kiapo bila kufikiri. Na kuna yule ambaye mkono umeteleza tu.

Mfano ninaoupenda ni wa Abimeleki, Mwanzo 20. Alimchukua Sara kwa kuwa Ibrahimu mwenyewe alisema ni dada yake. Mungu akamjia katika ndoto, akakiri kwamba mfalme huyu alitenda kwa moyo mnyofu, akamwambia kwamba Yeye ndiye aliyemzuia asimguse. Hata hivyo akamwagiza amrudishe mke wa mtu, la sivyo atakufa. Unyofu wake ulitambuliwa na Mungu, na Sara bado alipaswa kurudi kwa mumewe.

Kama sikujua, kwa nini nihesabiwe hatia? Huku si kuonewa?

Hili ndilo linalouma kuliko yote, na Walawi 5:17 hailifichi: mtu akitenda lililokatazwa, hata kama hakujua, ana hatia.

Tumezoea kulipima kosa kwa nia peke yake. Mtu akishasema "sikukusudia", tunaona shauri limekwisha. Biblia hupima nia ya mtenda, kisha hupima na kilichotendeka. Mama akimpa mwanawe dawa isiyo yake kwa sababu chupa zilifanana, upendo wake hauizuii dawa ile kufanya kazi tumboni. Hakuna atakayemwita mama huyo mwuaji. Lakini hakuna pia atakayesema, "Kwa kuwa hukukusudia, tusimpeleke mtoto hospitali."

Angalia tena Walawi 4 inamfanyia nini mtu huyu. Haimpigi mawe wala haimfukuzi kambini. Inamwambia alete sadaka, kuhani atamfanyia upatanisho, "naye atasamehewa". Maneno hayo ya kusamehewa yanarudi tena na tena katika sura ya 4 na ya 5. Mungu analitaja kosa kwa jina lake, na papo hapo anaonyesha njia ya kulitoa. Wakati ule Waisraeli walikuwa bado wako jangwani chini ya Sinai, na wengi wao hawajayatenda makosa hayo. Njia ya kutokea iliwekwa kabla ya mtu kukosa. Kwangu mimi hili ndilo jibu la "kuonewa": Mungu anayetaka kutuonea hawezi kuanza kwa kutuandalia msamaha.

Na kipimo cha lawama hakiko sawa kwa wote. Katika Luka 12:47-48 Bwana Yesu anasema mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende atapigwa sana, na asiyejua atapigwa kidogo. Kutokujua hupunguza adhabu, ila hakufuti kilichofanyika.

Sadaka zenyewe zilikuwaje? Kila mtu alileta mnyama yule yule?

Hapana, na tofauti hizo zinafundisha mengi. Kuhani aliyetiwa mafuta akikosa bila kukusudia, alileta ng'ombe dume mchanga. Kusanyiko zima likikosa, ng'ombe dume vile vile. Mtawala alileta mbuzi dume. Mtu wa kawaida alileta mbuzi jike, au mwana-kondoo jike.

Kisha fuata damu inakwenda wapi. Kosa likiwa la mtawala au la mtu wa kawaida, damu ilipakwa kwenye pembe za madhabahu ya sadaka ya kuteketezwa, iliyokuwa uani, na iliyobaki ikamwagwa chini yake. Likiwa la kuhani au la kusanyiko zima, damu iliingizwa ndani ya hema, ikanyunyizwa mara 7 mbele ya pazia, ikapakwa kwenye pembe za madhabahu ya uvumba. Mwili wa ng'ombe yule haukuliwa. Ulitolewa nje ya kambi ukateketezwa kwa moto. Doa la kiongozi liliingia ndani zaidi ya patakatifu, kwa hiyo hata usafishaji wake ulilazimika kuingia ndani.

Walawi 4:3 inatoa sababu: kuhani akikosa, anawatia watu hatiani. Naomba sisi tunaofundisha tusiupite mstari huu haraka. Mchungaji, padre, katekista, mzee wa kanisa, mwalimu wa shule ya Jumapili, akifundisha kosa kwa moyo safi kabisa, waliomsikia wataliishi kosa lile nyumbani kwao. Anapogundua, haitoshi kulisahihisha chumbani kwake. Alisahihishe pale pale alipolifundishia.

Na maskini asiye na mbuzi?

Walawi 5:7-13 imemfikiria. Asiyemudu kondoo au mbuzi alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiyemudu hata ndege alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga mzuri, kama lita mbili hivi, bila mafuta wala ubani. Kuhani alichukua konzi moja akaiteketeza madhabahuni, na mtu yule akasamehewa msamaha ule ule wa mwenye mbuzi.

Kuna anayeuliza: sasa ile ya "pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo" iko wapi? Soma Waebrania 9:22 kuanzia mwanzo wake. Inasema katika Torati "karibu vitu vyote" husafishwa kwa damu. Konzi ile ya unga iliwekwa juu ya sadaka nyingine za moto zilizokuwa tayari madhabahuni. Maskini aliingizwa katika sadaka ya wenzake. Hakuna aliyerudishwa nyumbani na dhambi yake kwa kukosa fedha, na nitalirudia hili chini, kwa sababu siku hizi linasahauliwa.

Dhambi niliyoifanya kwa makusudi je? Hiyo haina upatanisho?

Hesabu 15:30-31 ni kali. Anayetenda kwa kiburi, kwa mkono ulioinuliwa, huku akilidharau neno la Bwana, atakatiliwa mbali na watu wake. Wapo waliousoma mstari huo wakalala macho usiku kucha.

Lakini usiusome peke yake. Walawi 6:1-7 inamzungumzia mtu aliyemdanganya jirani yake juu ya amana, au aliyedhulumu, au aliyeokota kilichopotea kisha akaapa hakukiona. Hayo hayafanyiki kwa bahati mbaya. Hata hivyo akitambua hatia yake, arudishe mali pamoja na sehemu ya tano juu yake, alete kondoo dume wa sadaka ya hatia, naye atasamehewa. Daudi alizini na kuua akijua kabisa, na Zaburi ya 51 ni toba yake. Manase alijaza Yerusalemu sanamu. Alipojinyenyekeza akiwa kifungoni, Mungu alimsikia (2 Mambo ya Nyakati 33:12-13). Mkono wa kiburi unaoogofya katika Hesabu 15 ni ule usiotaka kushuka. Mtu anayelia juu ya dhambi yake ameshaushusha.

Siku ya Upatanisho ilikuwa na kazi gani, kama kila mtu alishaleta sadaka yake?

Ilishughulikia yaliyobaki. Nani anayajua makosa yake yote? Mara moja kwa mwaka, siku ya 10 ya mwezi wa 7, kuhani mkuu aliingia nyuma ya pazia. Walawi 16 inaeleza mbuzi wawili. Mmoja alichinjwa, na damu yake ikaingizwa patakatifu pa patakatifu. Wa pili, wa Azazeli, aliwekewa mikono yote miwili kichwani, yakaungamwa juu yake maovu yote ya Israeli, uasi wao na dhambi zao zote, kisha akapelekwa nyikani asirudi. Hapo yaliyokusudiwa na yasiyokusudiwa yalibebwa pamoja. Waebrania 9:7 inayataja waziwazi makosa ya watu waliyoyatenda bila kujua.

Wayahudi wanaiadhimisha siku hiyo mpaka leo kwa kufunga na kuungama, ingawa hekalu liliharibiwa na Warumi mwaka 70. Walimu wao wa kale walifundisha kwamba siku hiyo hupatanisha yaliyo kati ya mtu na Mungu, lakini yaliyo kati ya mtu na mwenzake hayapatanishwi mpaka amwendee mwenzake amtulize. Bwana Yesu naye alisema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako (Mathayo 5:23-24).

Naendesha bodaboda. Niligonga mtoto, akafariki. Sikuwa na mwendo mkali, alichomoka tu. Je, mimi ni mwuaji mbele za Mungu?

Ndugu yangu, pole. Nakujibu kwa urefu kwa sababu si wewe peke yako unayelibeba jambo hili katika mji huu.

Biblia inakujua. Kumbukumbu la Torati 19:5 inamtaja mtu aliyekwenda msituni na mwenzake kukata kuni, shoka likachomoka katika mpini, likampiga mwenzake akafa. Hakuwa na chuki naye. Kwa ajili ya mtu huyo Mungu aliagiza miji 6 ya makimbilio: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande mmoja wa Yordani, Bezeri, Ramothi na Golani upande wa pili. Waliagizwa hata kuitengeneza njia ya kwendea huko, ili anayekimbia asichelewe. Mungu alijua jinsi ndugu wa marehemu wanavyowaka moyo, na jinsi umati unavyokusanyika.

Tazama sasa kilichofanyika katika miji ile. Yoshua 20 inasema aliyekimbia alisimama langoni, akawaeleza wazee wa mji habari yake, kisha akasimama mbele ya mkutano ahukumiwe. Alikimbilia mahali pa kusikilizwa. Kwa hiyo dereva anayeogopa umati akaenda moja kwa moja kituo cha polisi akajieleza, anafuata njia ile ile. Anayekimbia akafuta damu kwenye pikipiki na kunyamaza ameichagua njia nyingine, na ajali yake inaanza kugeuka kuwa dhambi ya kujua.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana. Hesabu 35 inatenga wazi mwuaji na aliyeua bila chuki wala kuvizia. Ila sura hiyo hiyo haisemi maisha yaliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu yule alikaa katika mji wa makimbilio mpaka kuhani mkuu alipokufa, na hakuruhusiwa kutoa fidia ili aondoke mapema. Damu iliyomwagika ilikuwa na uzito hata pale ambapo hapakuwa na wa kulaumiwa. Kifo cha kuhani mkuu ndicho kilichomfungulia njia ya kurudi kwao. Sisi Wakristo hatuwezi kusoma hapo bila kumkumbuka Kuhani Mkuu wetu aliyekufa.

Kwa upande wa familia ya mtoto, usiende peke yako, na usiende siku za kwanza uchungu ukiwa bado mbichi. Tafuta mzee anayeheshimika pande zote mbili, au kiongozi wa dini, atangulie. Wakikubali kukuona, usianze na maneno "sikukusudia". Anza na mtoto wao. Mtaje kwa jina.

Na uzembe? Mwenye mtumbwi aliyeambiwa mtumbwi unavuja, akapakia watu hivyo hivyo, naye husema hakukusudia.

Kutoka 21:28-29 inajibu kwa habari ya ng'ombe mwenye kupiga pembe. Akimwua mtu kwa mara ya kwanza, ng'ombe auawe, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na tabia hiyo, mwenyewe akaonywa, asimfunge, akaua, basi mwenye ng'ombe anabeba damu ile. Kuonywa ndiko kulikobadilisha shauri. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka anayejenga nyumba aweke ukuta wa kuzuia juu ya dari, mtu asianguke. Kutokufikiri juu ya usalama wa wengine ni kosa hata kabla mtu hajaanguka.

Mwenye chombo asiye na maboya ya kujiokolea, anayejaza abiria kupita kiasi, anayejua injini inazima katikati ya maji, asijifiche nyuma ya Walawi 4. Ameonywa. Na yule anayekwepa kuuliza ili abaki "hajui" asome Yohana 9:41.

Tunaopata ajali ziwani, je, tunaadhibiwa kwa dhambi tusizozijua?

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Bado zipo familia hapa zinazojiuliza ndugu yao alikosa nini.

Bwana Yesu alilijibu swali la namna hiyo. Akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: la (Luka 13:4-5). Kisha akawageuzia walio hai wito wa kutubu. Na kwa kipofu tangu kuzaliwa, wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, alisema si yeye wala wazazi wake.

Kwa hiyo mtu asije matangani kumwambia mjane kwamba mumewe alikuwa na dhambi ya siri. Na anayekwambia ziwa linataka kafara anakupeleka pabaya. Kanda yetu imemwaga damu ya vikongwe na ya watu wenye ualbino kwa sababu ya watu kutafuta mchawi wa kila msiba, na utajiri katika viungo vya binadamu. Upatanisho wa Biblia hutolewa na Mungu kwa ajili ya mkosaji. Hauna nafasi ya kumtafuta mtu dhaifu wa kubeba msiba wa kijiji.

Niliambiwa nitoe sadaka maalumu ya kuvunja dhambi za ukoo nisizozijua. Nimetoa mara kadhaa na hofu haijaisha.

Mama, usitoe tena kwa ajili hiyo.

Sadaka ya kumshukuru Mungu na ya kuitunza kazi yake ni njema, toa unavyojaliwa. Lakini msamaha hauna bei. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Waebrania 10:14 inasema kwa toleo moja Kristo amewakamilisha hata milele hao wanaotakaswa. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili apate kipawa cha Mungu, Petro alimkemea vikali (Matendo 8:20). Kumbuka tena konzi ya unga. Chini ya Torati, ambayo tunaiona ngumu, kiwango kilishuka mpaka kikamfikia aliye fukara kabisa. Itakuwaje chini ya Injili kiwango kipande kila mwezi?

Hofu isiyoisha inatokana na kuambiwa kila mara kwamba bado kuna kingine. Ada ya shule ya watoto wako ni wajibu ulio mbele yako, na Mungu anauona.

Nauza sangara pale Mwaloni. Niligundua mizani yangu ilikuwa mbovu muda mrefu, wateja walikuwa wanapunjwa. Nifanye nini?

Umekwishafanya la kwanza, kukubali. Itengeneze mizani leo, kabla ya mauzo mengine. Mithali 11:1 inaiita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana, na tangu siku uliyojua, yako itakuwa ya hadaa ukiendelea kuitumia.

Kisha kuna kurudisha. Hesabu 5:7 inataka mkosaji aungame, arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Mteja wako wa jumla uliyempunja samaki wa shilingi 50,000 umrudishie 60,000. Najua sehemu ile iliwekwa kwa mkosaji wa kudhulumu, na wewe hukudhulumu kwa kujua. Ila naona ni busara kuufuata ukubwa wake, kwa sababu aliyepunjwa alipoteza pia matumizi ya fedha ile. Wale unaowafahamu, walipe au wakate kwenye manunuzi yajayo. Wale waliopita tu, usiowajua, hutawapata. Hesabu 5:8 inafikiria hata jambo hilo: asipokuwepo wa kulipwa, malipo yaende kwa Bwana. Ukiwapelekea wenye shida kimya kimya, bila kutangaza, utakuwa umetenda vema. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne, lakini hiyo ilikuwa furaha yake mwenyewe, na Yesu hakumtajia kiwango.

Ushauri huu unamfaa pia aliyetumiwa pesa kwenye simu kimakosa, akaitumia akidhani ni deni lake limelipwa.

Kwa nini Uza aliuawa? Alitaka tu kulizuia sanduku lisianguke.

Somo hili (2 Samueli 6:6-7) ni gumu na sitalirahisisha. Ila rudi nyuma ya mkono wa Uza. Sanduku la agano lilipaswa kubebwa mabegani na Wakohathi, ukoo mmoja wa Walawi, bila kuguswa (Hesabu 4:15; 7:9). Daudi na watu wake waliliweka kwenye gari jipya, kama Wafilisti walivyofanya. Daudi mwenyewe baadaye alikiri kwamba hawakumtafuta Bwana kama ilivyoagizwa (1 Mambo ya Nyakati 15:13). Kosa lilianzia kwa viongozi, na aliyekufa ni aliyekuwa karibu. Hilo linanihuzunisha kila ninapolisoma.

Yesu anaingiaje katika haya yote?

Waebrania inamwona katika kila hatua tuliyoitaja. Damu ya mafahali na mbuzi haikuweza kuondoa dhambi (10:4), ndiyo maana ilirudiwa mwaka kwa mwaka. Kristo aliingia mara moja, kwa damu yake mwenyewe. Wale ng'ombe wa Walawi 4 walioteketezwa nje ya kambi wanatajwa katika 13:11-12, kwamba Yesu naye aliteswa nje ya lango.

Na msalabani aliwaombea nani? "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Petro akawaambia watu wa Yerusalemu kwamba walitenda bila kujua, wao na wakuu wao, kisha akawaita watubu ili dhambi zao zifutwe (Matendo 3:17-19). Paulo anasema alipata rehema kwa kuwa alitenda kwa ujinga na kutokuwa na imani (1 Timotheo 1:13), na katika pumzi hiyo hiyo anajiita wa kwanza wa wenye dhambi. Alipewa rehema, na hakulifanya dogo alilolifanya.

Wakatoliki wanafundishwa kwamba bila kujua hakuna dhambi ya mauti. Ni kinyume na haya?

Sioni kinyume. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba dhambi ya mauti huhitaji jambo zito, kujua kikamilifu na kukubali kwa hiari. Hapo linapima lawama ya mtenda. Linafundisha pia kwamba tendo baya hubaki baya hata mtenda asipolaumiwa, na kwamba mtu anaweza kulaumiwa kwa ujinga aliouacha ukue. Padre wako ataeleza vizuri zaidi yangu.

Babu yangu alikufa kabla hajasikia Injili. Dhambi zake za kutokujua zitakuwaje?

Wamisionari wa CMS, chama cha wamisionari Waanglikana, walifika Kageye, ufukweni mwa ziwa letu, mwaka 1877. Vizazi vingi vya wazee wetu vilikuwa vimeshalala. Warumi 2:14-16 inasema watu wasio na Torati huonyesha kazi ya Torati iliyoandikwa mioyoni mwao, na Mungu atahukumu siri za wanadamu. Paulo aliwaambia watu wa Listra kwamba Mungu hakujiacha bila shahidi, akiwapa mvua na mazao (Matendo 14:17). Babu yako yuko mikononi mwa Mungu ambaye kwa Abimeleki alijua kutenga moyo mnyofu na mbaya. Mimi namwachia, na kwa moyo mtulivu.

Nachimbua maisha yangu kila usiku nikitafuta dhambi niliyoisahau. Nitajuaje kwamba nimemaliza?

Hutamaliza, na hujaagizwa umalize. Walawi 4 inasema mtu alileta sadaka pale kosa lake lilipojulishwa kwake (mstari wa 23 na 28). Hakuambiwa akalitafute gizani. Yaliyobaki yalichukuliwa na Siku ya Upatanisho. Daudi aliomba hivi: "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake? Unitakase na mambo ya siri" (Zaburi 19:12). Sala hiyo ni fupi, iombe mara moja, ulale. Paulo alisema hajui neno juu ya nafsi yake, wala hakujihesabia haki kwa hilo. Alimwachia Bwana (1 Wakorintho 4:4). Usingizi ukiendelea kukatika kwa majuma, nenda pia hospitali ukamwone daktari. Hilo si upungufu wa imani.

Mtu alipitisha boti ya injini juu ya nyavu zangu usiku, zikakatika. Anasema hakuziona, kwa hiyo haombi msamaha wala halipi. Nimsamehe vipi?

Kusamehe na kudai haki yako vinaweza kwenda pamoja. Kutoka 22:6 inasema moto ukitoka ukateketeza shamba la mtu, aliyeuwasha sharti alipe, na haiulizi kama alitaka uenee. Kwa hiyo kudai bei ya nyavu hakukuondolei Ukristo wako. Mwendee kwanza wewe na yeye peke yenu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, mchana, akiwa hajalewa wala hayuko mbele ya vijana wake. Mwambie unaamini kwamba hakuziona. Mwonyeshe nyavu zenyewe. Kama zilikuwa na taa au maboya yenye alama, mwonyeshe na hayo. Kama hazikuwa na alama yoyote, kubali sehemu yako, mgawane hasara. Akikataa kabisa, nenda na mashahidi wawili, kisha uongozi wa mwalo.

Na msamaha usisubiri alipe. Waliomsulubisha hawakuwa wameomba radhi Bwana alipowaombea. Lakini kesho yake ukikutana naye akiwa na nyavu zake majini na wewe ndiye mwenye injini, punguza mwendo.